Gurudumu Lililojizungusha

Tusekile mwanangu,

Barua nilizozizoea huanza kwa kumjulisha mtu kwamba mimi ni mzima. Wewe afya yangu unaijua. Juzi kabla hujapanda gari la Ileje kwenda kumuaga bibi mzaa baba yako, ulinipimia dawa ya kikohozi kwa kijiko na kuniambia nisikadirie kwa macho. Kwa hiyo nayaruka hayo. Leo Jumapili unarudi jioni, kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo Mbeya. Mimi nimekaa kwenye kibanda cha mashine, juu ya ndoo niliyoipindua, na daftari lako la kidato cha pili liko magotini. Jua bado lipo. Nataka nimalize kabla hujaingia, kwa sababu ukifika utasema shikamoo mjomba, nami nitaitika na kuanza kusimulia kitu, na nikishaanza kusimulia, hili halitasemwa tena.

Mambo ya safari sitayagusa. Vyeti kwenye mfuko wa nailoni, nauli kwenye soksi, kutokusinzia na simu mkononi, yote hayo mke wangu Mama Eliya ameshakwambia mara tatu, na kesho atakwambia ya nne. Langu ni jingine.

Wiki iliyopita mlikuwa uani mnapukuchua mahindi, wewe na Mama Eliya. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta naziba pancha. Ukamsimulia siku ile uliyoenda kusailiwa chuoni, jinsi yule mkufunzi alivyokuuliza swali la betri ukalijibu, akashangaa, akauliza, "Nani alikufundisha umeme?" Ukasema, "Mjomba wangu." Mama Eliya akacheka, akasema, "Ungeongeza kwamba anafundisha kwa mdomo." Wewe hukucheka. Ukamwambia, "Ni kweli, mama. Nilianzia kwake."

Nikaweka gundi chini. Ile pancha sikuiziba siku ile.

Tusekile, unanijua jinsi nilivyo. Nimekulea tangu una miaka sita, tangu dada yangu, mama yako, alipotuacha, na katika miaka yote hiyo hakuna jioni niliyokosa hadithi. Nilikwambia kovu hili la mkononi ni la chui wa milima ya Ileje, niliyemkaba hadi akaomba kwenda zake. Ni la mkanda wa mashine ya kusaga. Nilikwambia niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu mkuu alinionea huruma, akasema hana cha kuniongezea. Niliacha kwa sababu ya hesabu za sehemu. Zilinishinda, nikachapwa, nikakimbilia Tunduma kusukuma mikokoteni mpakani. Na lile lori la Wakongo nililokwambia nililivuta peke yangu kwa kamba kutoka kwenye tope, tulikuwa watu kumi na wawili, na mimi nilikuwa nimeshika viatu vya wenzangu.

Hizo ni hadithi za kuchekesha na hazikumuumiza mtu. Naziandika ili uone nimeanza kufungua mlango. Iliyo nyuma yake haichekeshi.

Unakumbuka tulivyoanza ile mashine. Huku kitongojini kwetu nguzo za umeme zilikuwa bado, zinaishia Igamba sokoni, na hata leo ukiangalia nje unaona hazijafika. Nilikuwa nimeona mahali fulani baiskeli iliyopinduliwa ikiwasha taa. Nikaja nyumbani nikasema nimeibuni. Ukiwa kidato cha kwanza, ukanifuata hadi Tunduma kutafuta mota. Kwenye lile duka la vyuma chakavu yule kijana wa upande wa pili akanisalimu, "Mulishani, mudala," nikaitika kama mtu aliyezaliwa Zambia. Nikamwambia nataka mota ya kufua umeme. Akanipa mota ya waipa za basi, akasema, "Hii ina nguvu, bosi. Hii ukiifunga vizuri inaendesha hata kinu." Nikamwamini papo hapo. Alikuwa anaongea kama mimi.

Tukaifikisha nyumbani, nikaishika ncha yake kuizungusha, ikagoma. Nikaibana kwa koleo, ikagoma. Wewe ukaipokea, ukaitazama kwenye mwanga, ukasema taratibu, "Mjomba, hii ina gia ndani. Imetengenezwa kusukuma, haikutengenezwa kusukumwa." Nikasema najua, nilikuwa nakupima. Umri wako ulikuwa miaka kumi na minne. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Sawa mjomba." Hapo ndipo ningejifunza, kama ningekuwa mtu wa kujifunza. Neno "sijui" ni dogo sana likisemwa mapema. Mimi nililiacha likue.

Ile mota ya pili, ya feni ya rejeta, wewe ndiye uliyeichagua. Uliizungusha kwa vidole dukani, ukaona inalegea vizuri, ukamwambia yule kijana aunganishe balbu ndogo kwenye waya zake. Ikapepesa. Nilimwambia yule kijana, "Unaona nilivyomfundisha?" Tukapindua baiskeli yangu, magurudumu juu, tukalivua tairi gurudumu la nyuma ringi ikabaki tupu, tukakata mkanda kwenye tyubu ya lori, tukauzungusha kutoka kwenye ringi hadi kwenye kigurudumu kidogo cha mota. Mkono kwenye pedali, cheni inavuta gurudumu, gurudumu linavuta mkanda, mota inalia kama nyuki. Taa ikawaka. Mama Eliya akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni hakusema kitu, na kwa Mama Eliya hilo ni jambo kubwa. Siku ile nilikuwa na furaha ya kweli, haikuwa na chumvi yoyote. Ningeishia hapo.

Kisha tukafunga betri. Nilizungusha nusu saa, nikachoka, nikaachia pedali. Pedali zikasimama. Gurudumu halikusimama.

Unalikumbuka lilivyokuwa. Lilikuwa linakwenda tu, laini, mkanda unapiga piga, hakuna mkono. Nikangoja. Likaendelea. Tusekile, nikiapa hapa hutaniamini, lakini dakika zile za mwanzo nilidhani nimepata kitu ambacho wasomi wamekosa. Mtu aliyeshindwa hesabu za sehemu, umeme umemtii. Nikatoka nje nikaita watu.

Wakaja. Wakakaa kuangalia gurudumu kama watu wanaoangalia mpira. Nikawaambia, "Hii ukiianzisha mara moja, inajizungusha yenyewe. Inajaza betri, betri inajaa, yenyewe haichoki." Mzee Yoramu, mzee wetu wa kanisa, akavua kofia. Akasema, "Lameki, wewe sasa ni injinia." Jina likanishika siku ile, likanikaa mwilini kama shati lililoshonwa kwa kipimo changu.

Wewe ulikuwa umechuchumaa pembeni, umeweka kiganja juu ya mota. Ukasema, "Mjomba, ina joto." Nikakwambia kazi huleta joto. Ukasema, "Lakini hatuizungushi. Sasa joto linatoka wapi? Nadhani betri ndiyo inaizungusha. Inakunywa betri." Watu wakageuka kukutazama. Mimi nikacheka kwa sauti, nikawaambia, "Mtoto wa kidato cha kwanza anamfundisha mtu aliyekaa Tunduma miaka tisa." Wakacheka wote. Ukaondoa kiganja chako, ukakipangusa kwenye sketi.

Nilikaa Tunduma miaka minne.

Sasa nafika kwenye Sikukuu ya Mavuno. Najua unaikumbuka kuliko mimi, ila nataka uisikie kutoka upande ambao hukuwa unauona.

Wiki nzima mawingu yalikuwa yamelala juu ya Mbozi, sola ya kanisa haikujaza chochote. Wazee wakaleta ile betri kubwa kwangu Ijumaa, ile inayoendesha spika na kinanda, na kwaya ya wageni kutoka Ileje ilikuwa inakuja. Nikawaambia kwa Injinia hiyo ni kazi ya saa moja. Tulizungusha wewe na mimi kwa zamu Ijumaa hadi jioni, na Jumamosi tangu asubuhi, mabega yakakataa. Mchana wa Jumamosi wageni walipoanza kufika, wengine wakapita kuiona mashine maarufu. Nikaliacha gurudumu liende lenyewe. Wakashangaa. Nilikula mshangao ule kama nyama.

Jioni ulinifuata kwenye zizi. Ukasema, "Mjomba, nimechomoa waya mwekundu. Tuiache betri ipumzike, kesho ni ibada." Ulisema hivyo, "ipumzike," ili usinifedheheshe. Nikakwambia sawa.

Basi sikiliza. Baada ya chakula wakaja wageni wengine watatu, na mwalimu wao wa kwaya. Wakakuta gurudumu limesimama. Mmoja akasema, "Kumbe nayo hulala?" Nikaushika ule waya mwekundu nikaurudisha kwa mkono wangu huu. Nikalisukuma gurudumu, likashika kasi, wakaondoka wanatikisa vichwa. Sikuuchomoa tena. Nilitaka wakipita asubuhi walikute bado linakwenda. Na kuna kitu kibaya zaidi. Moyoni nilikuwa nimeshajua. Niliigusa ile mota kabla ya kulala, ikaniunguza kiganja, nikasema ngoja.

Asubuhi gurudumu lilikuwa linajikokota kama mzee. Nikawaambia waliokuja kuibeba betri kwamba imeshiba, ndiyo maana mashine imepunguza mwendo yenyewe.

Kanisani kwaya yetu ikasimama kuimba, na ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili ulikuwa wako wa kuanzisha. Ulisogea mbele, umevaa ile sare ya bluu aliyokuazima Mwalimu Stela wa kwaya yetu, ukafungua mdomo, na spika zikafa. Kinanda kikafa. Ukabaki na sauti yako peke yake katika jengo lile kubwa, maneno matatu, halafu nayo ikakatika. Kwaya ya Ileje ikatazama chini kwa adabu. Nimewahi kuona watu wakizama kwenye tope, lakini sijawahi kuona mtu akizama akiwa amesimama.

Baada ya ibada wazee wakaniita nje. Fundi wa sola akasema betri imekaushwa hadi mwisho, haitarudi. Mzee Yoramu akauliza, "Lameki, imekuwaje?" Walikuwepo wageni. Alikuwepo yule aliyesema kumbe nayo hulala. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa cha kusema, ukapata cha kusema. Nikasema, "Huyu mtoto alichezea waya jana jioni. Alichomoa na kugeuza. Nilimkataza."

Ulikuwa umesimama hatua mbili nyuma yangu. Sikugeuka. Nilingoja useme. Ungesema neno moja tu, "Si mimi," ningeanguka pale pale, na pengine ingekuwa heri yangu. Badala yake nikasikia sauti yako: "Nisameheni, wazee. Nilichomoa waya."

Ulisema kweli tupu, na kweli yako ikaufunika uongo wangu kama blanketi. Miaka hii yote nimejiuliza kwa nini ulifanya vile. Nadhani najua. Ulikuwa unakula kwangu, unalala kwangu, na ulijua kwamba mimi nikivuliwa lile jina sina jingine. Mtoto wa miaka kumi na minne alinionea huruma, nami nikaipokea kama haki yangu.

Walikutoa kwenye kwaya, wakasema ni kwa muda, na muda huo haukuisha. Wakakupa adhabu ya kuchuma kahawa kwenye shamba la kanisa likizo nzima ya mwezi wa sita. Ulikuwa unarudi vidole vimegeuka vyeusi kwa utomvu, baridi imekupasua midomo. Mara mbili nilipita pale kwa baiskeli. Mara ya kwanza ulinyoosha mkono kunisalimia, nikajifanya naangalia cheni. Mara ya pili hukunyoosha.

Hapa nilipoandika nimeacha kidogo, nikaenda kunywa maji.

Katika wiki zile zile za kahawa, siku moja nilizungusha mashine nikaachia, na gurudumu likasimama. Nikakasirika. Nikadhani umeiharibu kweli, kwamba umenilipa. Nikakagua waya, nikaona kwenye ule mwekundu kidude cheusi kina mstari mweupe upande mmoja. Nilikung'oa usingizini mchana ule, umelala na maganda ya mahindi mgongoni kwa uchovu. Nikasema, "Umeweka nini kwenye mashine yangu?" Ukakaa, ukapangusa macho, ukasema, "Daiodi, mjomba. Nilimwuliza mwalimu wa fizikia. Inaruhusu umeme uende kwenye betri, inauzuia kurudi. Ya kwanza niliyoitoa kwenye redio iliungua, hii nimeitoa nyuma ya ile sola iliyovunjika." Nikasema, "Na gurudumu?" Ukasema, "Gurudumu litasimama ukiacha kuzungusha. Ndivyo linavyotakiwa."

Hukuongeza kitu. Ungeweza kuongeza.

Tangu hapo betri zikajaa na kubaki zimejaa. Nusu ya kitongoji huleta simu na betri za taa hapa, bodaboda nao huja betri zikiwachokea. Na mimi, Tusekile, kila anayeuliza kile kidude ni nini namwambia, "Hicho ni kizuizi, nilikibuni baada ya kufikiri sana." Mbele yako nimesema hivyo. Ukiwa umeshika pedali unazungusha.

Wewe sasa unaenda kufundishwa na watu wanaojua majina ya vitu. Mimi jina la kitu changu nimelipata mwaka huu. Lile gurudumu lilionekana linajizungusha, kumbe lilikuwa linakula kilichowekwa na mabega ya mtu mwingine. Na huyo Injinia wa Igamba naye alikuwa anazunguka hivyo hivyo, miaka mitano, kwa betri yako.

Nilipokusikia nyuma ya ukuta ukisema "mjomba wangu," nilikata shauri niseme kanisani kabla hujaondoka. Nilingoja uende Ileje, kwa sababu ungekuwepo ungenizuia, au ungesema nisameheni tena. Labda njiani wameshakwambia. Niliwaomba wanyamaze, lakini watu wa huku ukiwaomba kunyamaza husema kwa sauti ndogo.

Leo, wakati wa matangazo, nikainua mkono. Mzee Yoramu akaniita mbele. Nikaona watu wanajiweka sawa kwenye mabenchi, wanatabasamu tayari, akina mama wanavuta kanga vizuri, wanangoja hadithi. Nikasema, "Ile betri ya Mavuno niliiua mimi. Tusekile alichomoa waya kuiokoa, mimi nikaurudisha ili wageni wanisifu. Kisha nikamsingizia."

Wakacheka. Nyuma mmoja akasema, "Leo kaja na ya huruma." Mzee Yoramu akaniwekea mkono begani, akawaambia waumini, "Mmeona moyo wa mjomba? Mtoto anaenda chuo, naye anataka aende na jina safi, anajitwika kosa lake. Mungu ambariki." Wakanipigia makofi. Tusekile, walinipigia makofi. Kweli moja niliyoisema katika maisha yangu, wakaipokea kama ile ya chui, wakanisifu na kwa hiyo pia.

Nilisimama pale nikaona kabisa njia ya kurudi kukaa. Nilikuwa nimeshasema, si ndiyo? Ningeweza kukwambia nimesema. Ingekuwa ya mwisho na bora kuliko zote.

Nikawaambia, "Msiondoke." Nikaja nyumbani mbio, na hapa naandika mbio lakini ilikuwa kutembea na kukohoa. Nikaipakia mashine kwenye toroli, nikachukua betri ndogo ya pikipiki, ile iliyochoka, na balbu moja. Niliporudi nikawakuta wako nje, wengi wao, kwa udadisi. Nikaipindua baiskeli mbele ya mlango wa kanisa. Nikafunga balbu kwenye betri, ikawaka vizuri. Nikaitoa ile daiodi yako mbele ya macho yao, nikaunga waya moja kwa moja, nikazungusha kidogo, nikaachia, nikainua mikono yote miwili juu.

Gurudumu likaenda lenyewe. Wazee wakalikumbuka, nikasikia "eee" ya zamani. Nikasema, "Angalieni taa. Msiangalie gurudumu."

Tulisimama kwa muda wa chungu cha chai kuchemka. Balbu ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikabaki uzi tu. Gurudumu likaanza kujikokota. Ndipo Mzee Yoramu alipokuja, akaigusa mota kwa kiganja, akakitoa upesi. Akasema, "Ina joto." Nikasema, "Ndivyo alivyosema mtoto, siku ya kwanza. Nanyi mlikuwepo. Tulicheka."

Nikairudisha daiodi, nikazungusha hadi jasho, taa ikafufuka. Nikaachia, gurudumu likasimama. Mwalimu Stela akauliza, "Hicho kidude nani alikiweka?"

"Tusekile."

"Lini?"

"Wiki zile alizokuwa anachuma kahawa yetu."

Mwalimu Stela akasema, "Kwa hiyo miaka mitano tumemwita Injinia mtu wa kuzungusha pedali." Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Eliya, aliyekuwa amesimama nyuma na Biblia kifuani, aligeuka akaenda nyumbani peke yake. Hajanisemesha hadi sasa. Nasikia sufuria.

Mzee Yoramu alikaa kwenye ngazi. Akasema, "Na mimi ndiye niliyempa kikapu cha kahawa." Akarudia hivyo hivyo. Sikumwambia asihuzunike. Sikuwa na haki ya kumtuliza mtu.

Sikuombi unisamehe kesho. Kesho utakuwa na haraka, na wewe husamehe kwa haraka, hilo ndilo kosa lako moja ninalolijua. Usinipe hiki bure kama ulivyonipa kile mbele ya wazee. Kaa nacho chuoni, kipime, uniandikie ukitaka, au usiniandikie. Na ukikutana na mtu kama mimi huko, hasa akiwa juu yako kazini, akasema wewe ndiye uliyegeuza waya, usimwonee huruma mbele za watu. Mwonee baadaye, pembeni, ukishasema kweli nzima.

Ile daiodi nimeifunga kwenye bahasha hii. Ni yako, ilikuwa yako. Usihofie mashine, Ijumaa nilipata nyingine Tunduma. Yule kijana wa vyuma chakavu, sasa ana kitambi, aliniuliza ni ya nini. Nikamwambia mpwa wangu ndiye anayejua. Ulimi ulinikwama kidogo, lakini ulipita.

Barua hii nimeiweka juu ya sanduku lako uisome kabla ya chai, kwa sababu kuna jambo la asubuhi. Unajua desturi yetu, anayesafiri huombewa nyumbani, na mjomba hutoa neno la kuaga. Neno langu nimemwachia Mzee Yoramu, analo la kwake la kukwambia. Kwaya itakuja na spika moja. Mwalimu Stela amesema hawataanza wimbo mwanzo. Wataanzia ubeti wa pili, na mstari wa mbele wataacha nafasi. Usishangae wakikaa kimya wakikutazama.

Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba, nimeshika pedali. Imba ubeti wote. Nitazungusha mpaka umalize.

Mjomba wako,
Lameki